Kabla hujamkata dereva hela ya tairi, shika futi kamba

Nina lori moja na tela moja la ekseli tatu, basi. Siongei kama tajiri wa magari hamsini. Tela nililinunua mtumba, lilitoka Ulaya likiwa limeshachoka kiasi chake, na kazi yake ni Dar kwenda Tunduma, mara mojamoja linavuka mpaka Zambia. Mwaka jana lilinila matairi matatu ndani ya miezi minane, yote kushoto, yote ekseli ya nyuma. La kwanza nikasingizia barabara. La pili nikasema ni feki. La tatu nikamgeukia dereva, nikamkata laki tatu kwenye posho.

Najua siko peke yangu. Kwa sisi wenye malori, tairi la tela likifa kabla ya siku zake hukumu huwa imeshatoka: dereva anakimbiza gari, dereva anakanyaga breki ovyo, dereva kauza zima njiani akafunga bovu. (Hilo la mwisho hutokea, nisiwe mnafiki.) Anakatwa, tairi jipya linafungwa palepale alipofia mwenzake, na baada ya miezi mitatu tunagombana tena.

Wakati tairi lenyewe limeshasema kila kitu. Likilika mabega yote mawili, katikati pakabaki pazima, limetembea na upepo mdogo. Likilika katikati peke yake, upepo umezidi. Bega moja likiisha, angalia kama ekseli imepinda au imekaa upande. Likiwa na mabaka mabaka, tikisa gurudumu, huenda beringi imelegea. Halafu pitisha kiganja juu ya meno ya tairi, kwenda na kurudi. Ukihisi huku laini na huku linakwaruza kama msumeno, ujue linaburuzwa ubavu kila mita linayotembea. Na ukikuta bapa moja, kama fundi seremala kapitisha randa, hapo gurudumu liligoma kuzunguka huku gari linaendelea na safari.

Matairi yangu yalikuwa na msumeno na bapa, yote mawili. Nilikuwa nayaangalia kila mwezi na sikuyasoma.

Jumapili moja nikavaa ovaroli, nikamwita utingo ashike upande wa pili wa futi kamba. Kipimo chenyewe hakihitaji kompyuta. Egesha tela mahali tambarare, lisogeze mbele kwa kunyoosha ili springi zikae sawa. Pima kutoka kwenye kingipini, ile nguzo inayoingia kwenye sahani ya kichwa, ya lori, hadi ncha ya ekseli ya kwanza kushoto, kisha kulia. Tofauti ikizidi milimita 3, kuna shida. Ukimaliza hapo, pima ekseli ya pili na ya tatu kutoka kwenye ya kwanza, pande zote mbili, na huku unaruhusiwa nusu ya hiyo tu. Kwangu ekseli ya tatu ilikuwa imesogea mbele upande wa kushoto kwa milimita 22. Bushi ya toki rodi, ile fimbo inayoishika ekseli isisogee mbele wala nyuma, ilikuwa imebaki uji, na bolti ya katikati ya springi imekatika siku nyingi. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Ekseli hiyo ilikuwa inataka kwenda njia yake, nyingine mbili zinaivuta zinakotaka zenyewe, na anayelipa ni tairi.

Hata mizani haikuambii hili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 24 kwa kundi la ekseli tatu zenye matairi pacha, ukipita unapita. Lakini springi zikiwa zimegoma kugawana mzigo, ekseli moja inaweza kubeba sehemu ya wenzake bila karatasi ya mizani kulalamika.

Bapa nalo lilikuwa na hadithi yake, na hapo ndipo nilipoona aibu. Tela langu lina valvu ya kupima mzigo. Ina mkono uliounganishwa na ekseli: tela likijaa, springi zinalala, mkono unasogea, breki zinapata upepo mwingi, likiwa tupu zinapata kidogo. Niliukuta ule mkono umefungwa kwa waya wa kufungia nondo, umeelekezwa kwenye “limejaa” moja kwa moja. Kwa hiyo tela likirudi tupu kutoka Tunduma, kila dereva akigusa breki linajibu kama limebeba tani 28. Ekseli nyepesi, breki nzito, na ikinyesha mvua kidogo gurudumu linafunga na tairi linasuguliwa lami. Waya wa ABS, ambao ungeliachia gurudumu kabla halijaburuzwa, ulikuwa umekatwa na kuviringwa juu ya chasisi, vizuri kabisa, kama kamba ya kuanikia nguo.

Fundi aliyeufunga ule mkono simlaumu sana. Fimbo inayouunganisha na ekseli ilikuwa imevunjika, breki zikawa dhaifu, mwenye gari (mimi) nikapiga simu nikamwambia, “Fundi, fanya ufanyavyo, gari itoke leo.” Ikatoka leo.

Kuna kufunga kwingine ambako watu hukuchanganya na huku. Breki ya kuegesha ya tela haifungwi na upepo. Inafungwa na springi kubwa ndani ya busta, ile kopo inayosukuma breki ya kila gurudumu, na upepo kazi yake ni kuibana hiyo springi isiume. Hosi nyekundu, ile inayoleta upepo kwenye tela kutoka kwenye kichwa, ikipasuka, upepo unashuka. Kwenye psi 60 hivi (ndicho kipimo cha upepo) kengele inaanza kulia, na kati ya 45 na 20 springi zimeshakamata zote. Hapo tela limefanya lilichotengenezwa kufanya. Ila hosi ikivuja polepole, au valvu ikajaa maji kwa sababu hakuna anayefungua matangi ya upepo kuyamwaga, springi zinauma nusunusu. Gari linaenda, dereva anaona tu linavuta vibaya, na ngoma ya breki inapika tairi kutoka ndani. Slaki, ule mkono wa kurekebisha breki, ikikazwa kupita kiasi inaleta balaa hilohilo. Simamisha gari, sogeza kiganja karibu na kila ngoma bila kugusa: yenye joto kuliko wenzake ndiyo mgonjwa.

Sasa tiba ya mtaani. Gurudumu likisumbua, hosi inakunjwa na kufungwa mpira, ekseli hiyo inakuwa haina breki ya mguu. Bapa linaisha, kweli. Kisha gari lile lile linashuka mlima Kitonga na shaba, ekseli mbili zikifanya kazi ya tatu, lainingi za breki zinanuka tangu kona za juu. Mimi hili nakataa. Afadhali tela lilale Iringa siku mbili. Na mwenye gari anayejua hosi imezibwa halafu anampa dereva karatasi za mzigo, sina neno zuri la kumwita.

Bushi, bolti ya springi na fimbo mpya ya valvu vilinigharimu pungufu ya bei ya tairi moja. Matairi pacha nayo niliyapanga upya, kwa sababu tairi moja likipishana na mwenzake kipenyo kwa zaidi ya milimita 6, kubwa linabeba na dogo linasugua tu.

Dereva nilimrudishia laki tatu yake. Akazihesabu, akaniuliza, “Bosi, na yale mawili ya mwanzo ulimkata nani?” Nikamwambia barabara. Akacheka mpaka akakaa chini.

Miezi kumi sasa, ekseli ya nyuma kushoto haijala tairi. Ila juzi utingo kanitumia picha: ekseli ya kwanza, kulia, tairi la ndani, bega limeanza kung’aa. Jumapili nashuka chini tena.