Ripoti ya mikopo huharibika kabla ya kufilisika, si baada yake

Watu wengi wanaozidiwa na madeni nchini Marekani huogopa jambo moja kuliko mengine yote: kwamba wakifungua kesi ya kufilisika, jina litachafuka miaka 10. Kwa hofu hiyo hukaa mwaka mzima au miwili wakilipa kadi hii na kuiruka ile, wakichota akiba ya uzeeni, wakikopa huku ili walipe kule. Maoni yangu ni kwamba wengi wao wanalinda kitu ambacho hakipo tena. Ripoti ya mikopo, yaani kumbukumbu ya jinsi unavyolipa madeni yako, ilishaharibika tangu marejesho ya mwanzo yaliporukwa. Kesi ikija inakuta nyumba imeshaungua.

Angalia kuchelewa kunavyoandikwa. Tarehe ya malipo ikishapita kwa siku moja tu, mkopeshaji anaweza kukutoza faini. Lakini kwa taasisi tatu kubwa zinazotunza taarifa za mikopo, yaani Equifax, Experian na TransUnion, kuchelewa hakuandikwi mpaka siku 30 zitimie. Rejesho lilitakiwa Machi 5. Ukilipa Aprili 2, utapigwa faini lakini ripoti itabaki safi. Ukilipa Aprili 8, mwezi huo unaweza kuwekewa alama ya siku 30, na alama hiyo hukaa miaka 7 hata kama deni lote ulilimaliza wiki hiyohiyo. Kwa hiyo aliyepungukiwa asimgawie kila mdai kidogokidogo. Malipo yaliyo chini ya kima cha chini kinachotakiwa huhesabiwa kuwa hujalipa, na dola 20 kwa kila kadi kati ya tano zinaweza kukuachia alama tano. Afadhali kukamilisha kima cha chini kwenye zile zinazokaribia siku ya 30, nyingine zisubiri.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata walipaji wazuri. Mtu anaruka rejesho la Machi, halafu Aprili analipa rejesho moja, Mei moja, Juni moja, akiamini amerudi kwenye mstari. Hajarudi. Malipo ya Aprili huzibia pengo la Machi, ya Mei huzibia la Aprili, na kila mwezi huandikwa kuwa amechelewa siku 30. Rejesho moja lililorukwa linaweza kuzaa alama sita au saba. Dawa ni kulipa marejesho mawili ndani ya mwezi mmoja, au kumwomba mkopeshaji alipeleke lile lililorukwa mwisho wa mkopo na kukuthibitishia hivyo kwa maandishi.

Usipoziba pengo, alama hupanda: siku 60, 90, 120. Kwa kadi za mkopo, kwa kawaida deni likifikisha siku 180 benki hulifuta kwenye vitabu vyake kama hasara. Wapo wanaodhani huo ni msamaha, kumbe bado unadaiwa, na mara nyingi deni huuzwa kwa kampuni ya kukusanya madeni ambayo nayo inaweza kuandika mstari wake kwenye ripoti. Kwenye alama za FICO, yaani namba ya 300 hadi 850 ambayo wakopeshaji hutumia kupima uaminifu wa mkopaji, historia ya malipo peke yake hubeba asilimia 35. Mwenye alama za juu za FICO huanguka vibaya zaidi kwa kosa la kwanza kuliko yule aliyekwisha kuwa chini. Ndiyo maana mtu mwenye kadi nne zilizofutwa na mkopo wa gari ulio nyuma siku 90 hana mengi ya kupoteza akifilisika.

Sheria ya shirikisho inaruhusu kesi ya kufilisika kuonekana kwenye ripoti hadi miaka 10, ikihesabiwa tangu siku ilipofunguliwa. Sura ya 7 ya sheria ya kufilisika, ambayo hufuta madeni mengi kwa takriban miezi minne, hukaa miaka hiyo yote 10. Sura ya 13, ya kulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, taasisi hizo huiondoa baada ya miaka 7. Kwa hiyo aliyemaliza mpango wa miaka 5 hubakiwa na miwili tu. Ila akaunti zenyewe zina kalenda yake, na hapo ndipo watu wanapochanganya mambo.

Chukua kadi iliyorukwa mara ya kwanza Aprili 2021 na isilipwe tena. Oktoba benki ikaifuta vitabuni, Januari 2022 deni likauzwa, Juni 2022 mwenyewe akafungua kesi ya Sura ya 7. Mstari wa kadi unatakiwa kutoweka karibu Aprili 2028. Mstari wa mkusanya madeni, Aprili 2028 vilevile, kwa sababu kuuza deni hakuanzishi hesabu upya. Kesi yenyewe, Juni 2032. Ukiona mkusanya madeni ameweka tarehe mpya ya kuanza kuchelewa, mathalani siku aliyonunua deni, amevunja sheria na una haki ya kupinga. Usichanganye hesabu hii na muda wa mdai kukushtaki. Huo hupangwa na sheria za kila jimbo, na katika majimbo mengi ukilipa hata kiasi kidogo unaweza kuuanzisha upya.

Kazi inayopuuzwa kuliko zote huja baada ya mahakama kutoa amri ya kufuta madeni. Watu hudhani ripoti itajisafisha. Haijisafishi, na mahakama haipeleki chochote kwenye taasisi hizo. Zenyewe ndizo hupata taarifa za kesi kutoka kwenye kumbukumbu za umma. Kila deni lililofutwa linatakiwa kuonyesha salio sifuri na maelezo kwamba limefutwa kwa kufilisika. Kosa la kawaida ni akaunti kubaki na salio la zamani, au kuendelea kuandikwa mwezi baada ya mwezi kuwa imechelewa. Mkopeshaji mpya akilisoma hilo anaona deni hai.

Miezi miwili au mitatu baada ya amri, chukua ripoti zote tatu kwenye AnnualCreditReport.com, bure, na unaweza kuzirudia kila wiki. Usitosheke na moja, maana kosa linaweza kuwa kwenye mbili na lisiwepo kwenye ya tatu. Linganisha mstari kwa mstari na orodha ya wadai uliyowasilisha mahakamani. Penye kosa, andika barua ya pingamizi kwa kila taasisi yenye kosa hilo, taja namba ya akaunti na kilichokosewa, ambatisha nakala ya amri na ukurasa wa orodha unaomtaja mdai huyo, kisha itume kwa posta yenye uthibitisho wa kupokelewa. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Usiandike tu kwamba taarifa si sahihi, maana pingamizi la jumla hujibiwa kwa jumla. Wala usiwalipe wanaoahidi kufuta taarifa za kweli. Hawawezi, na sheria inawakataza kupokea malipo kabla ya kazi kukamilika.

Mdhamini aliyetia saini pamoja nawe hafutiwi deni na kesi yako ya Sura ya 7. Mdai humgeukia yeye, na kuchelewa kunakofuata kunaingia kwenye ripoti yake. Mwambie mapema, kabla hajapigiwa simu. Mikopo ya masomo, matunzo ya watoto na kodi nyingi za karibuni kwa kawaida hazifutiki, kwa hiyo kuchelewa kwake kutaendelea kuandikwa.

Wanaofikiria nyumba waangalie kalenda nyingine tena. Mkopo unaodhaminiwa na FHA, shirika la serikali kuu la mikopo ya nyumba, kwa kawaida hudai miaka 2 tangu amri ya Sura ya 7. Mkopo wa kawaida unaofuata masharti ya Fannie Mae, kampuni inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, hudai miaka 4. Kesi yenyewe bado itakuwa inaonekana kwenye ripoti, na mkopo unaweza kutoka hata hivyo ikiwa malipo ya baada ya amri ni safi. Hesabu ya Sura ya 7 huanzia kwenye amri, si kwenye rejesho la kwanza lililorukwa, kwa hiyo miaka miwili ya kusitasita ni miaka miwili zaidi ya kusubiri nyumba. Nakala ya amri itunze mahali pa kufikika, kwa kuwa mkopeshaji wa nyumba ataiomba.