Noti iliyorudi mkobani

Nina miaka 12 hapa Cardiff na mkono wangu bado haujazoea. Usiku ule Seckou Keita, mpiga kora wa Ziguinchor, Senegal, alikuwa jukwaani na Catrin Finch, mpiga kinubi wa hapahapa Wales. Walipofika pale penye kuuma, nikajikuta nimefungua mkoba, noti ya pauni 10 mkononi. Nilitaka kuinuka nisogee kwa madaha, kama tunavyofanya harusini Unguja, nimtuze. Ukumbi umetulia tuli, hata mwenye kikohozi anangoja wimbo uishe. Nikairudisha noti.

Kora ni nusu ya buyu kubwa, imewambwa ngozi ya ng'ombe. Kwa kawaida ina nyuzi 21. Ya Casamance, kwao Seckou, huwa na 22. Zamani nyuzi zilikuwa za ngozi ya paa, leo ni nailoni, ileile ya mshipi aliovulia baba yangu changu. Vinavyopiga ni vidole vinne tu, gumba na shahada za mikono miwili, vingine vimeshikilia vijiti. Kwa vinne hivyo besi inatembea, kiitikio kinazunguka, na juu yake sauti zinamiminika kama mvua ya vuli juu ya bati.

Kwa baba, Seckou ni Keita, ukoo wa kifalme, ambao kwa mila hupigiwa muziki, haupigi. Kora ameitoa kwa akina Cissokho, upande wa mama, ukoo wa majali, yaani waghani na wapiga muziki wa kurithi; babu yake ndiye aliyemlea. Na Wales nayo ilikuwa na malenga wake, waliowaghania watawala sifa kwa kinubi. Ndiyo maana albamu yao ya kwanza, Clychau Dibon ya 2013, haisikiki kama ndoa ya kulazimishwa. Ya 2018, SOAR, inamfuata ndege mla samaki anayehama kila mwaka kati ya Wales na Afrika Magharibi. Mimi mwenye makwao mawili siwezi kuisikiliza macho makavu.

Wenzangu wa huku husema nyumbani watu hawajui kusikiliza. Sikubali. Wanasikiliza kwa miguu. Mama anapoinuka na noti yake anatangaza kwamba beti ile imemfika, au imemfika jirani yake, na wote ukumbini wanajua ni nani. Jali naye hukutajia jina lako na la babu zako, nawe unatoa. Huku wimbo humgusa kila mtu peke yake, gizani, kisha anafuata koti lake.

Ila kwenye malipo wametushinda, na hili linaniuma. Huku msanii ana mkataba, tiketi zinauzwa kabla. Kwetu namjua mzee mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, aliyepiga harusi usiku kucha, akaondoka na nauli na sahani ya biriani. Mwenye harusi alisema, "Si ametuzwa?" Hapana! Tuzo ni heshima juu ya ujira. Mlipeni kwanza mliyoafikiana, halafu inukeni mumtuze mpaka kuche.

Kesho yake nilituma Unguja thamani ya ile noti, na ya tiketi juu yake. Nilimwomba mdogo wangu ampelekee yule mzee mkononi, si kwa simu, tena asubuhi, kabla hajatoka na kanuni yake.