Zingefuri na Ile Asilimia 26

Ukipasua tunda kavu la mzingefuri, ganda lake lenye vinywele vigumu hufunguka pande mbili, na ndani mwake huonekana mbegu ndogo zilizovikwa utando mwekundu ambao, ukizifikicha, hugandama vidoleni wala hautoki kwa maji matupu, kwa kuwa rangi yenyewe, biksini, huyeyuka katika mafuta. Wakulima wa Kwale na Lamu, wanaouita mmea huo biksa, wanaujua vizuri wekundu huo. Kenya na Peru zimekuwa kwa muda mrefu wauzaji wakuu wa mbegu hizo katika soko la nje, ilhali Brazil, yenye mavuno makubwa zaidi, hutumia sehemu kubwa ya mavuno yake nyumbani.

Mnamo Aprili 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba inataka rangi za chakula zitokanazo na petroli ziondolewe, na macho yakageukia tena rangi za mimea. Iliyorudi pamoja nazo ni shaka ya zamani, kwamba zingefuri, yaani rangi ya chakula itokanayo na mbegu hizo, huwadhuru watu wengi kuliko hata rangi za viwandani. Shaka hiyo si uzushi, kwani ina takwimu nyuma yake, na takwimu hiyo inastahili kusomwa polepole kuliko inavyosomwa kwa kawaida.

Mwaka 1978 mtafiti Mikkelsen na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 56 waliopewa dondoo ya zingefuri kwa kiasi kinacholingana na kile kinachotiwa katika gramu 25 za siagi. Asilimia 26 kati yao walipata madhara, kwa wastani saa nne hivi baadaye. Tartrazini, rangi ya manjano ya kiwandani, iliwadhuru asilimia 11, na Sunset Yellow, rangi nyingine ya kiwandani, asilimia 17. Mtu akiziweka namba hizo tatu pamoja bila kitu kingine chochote, mmea unaonekana mbaya kuliko maabara.

Swali ambalo namba hizo hazilijibu ni asilimia 26 ya nani. Watu hao 56 hawakuokotwa njiani. Wote walikuwa tayari wanaugua maradhi sugu ya ngozi yenye uvimbe na mwasho, maradhi ambayo huwapata takriban mtu mmoja kati ya mia, na kwa wengi huzuka na kutulia yenyewe hata pale ambapo mgonjwa hajala kitu kipya. Kwa hesabu, tunazungumzia wagonjwa 14 au 15. Kwa maradhi yanayokuja na kuondoka hivyo, jaribio huwa na nguvu pale tu mgonjwa na daktari wote wawili wasipojua ni kidonge kipi chenye rangi na kipi kitupu. Waandishi wenyewe walihitimisha kwamba rangi za asili huenda zikazusha madhara mara nyingi sawa na rangi za viwandani, lakini waliowapima ni kundi hilo la wagonjwa tu. Hitimisho hilo likitolewa hospitalini na kupelekwa katika kila meza ya chakula, linabebeshwa zaidi ya kilichopimwa.

Hata hivyo, wanaotahadharisha wana hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 62 ambaye, dakika 20 baada ya kula nafaka za kiamsha kinywa kwa maziwa, alivimba, akatokwa na vipele na shinikizo lake la damu likaporomoka. Vipimo vya ngozi kwa maziwa, ngano na mahindi havikuonyesha kitu. Cha zingefuri ndicho kilichotoa jibu kali. Walichokishuku ni protini za mbegu zilizosalia katika dondoo, na hilo linamaanisha kwamba usafi wa dondoo ni jambo zito. Uasili peke yake si kinga: jina zingefuri lenyewe ni ndugu wa zunjufr ya Kiarabu, yaani madini mekundu ya zebaki, ambayo nayo ni ya asili kabisa.

Upimaji uliofuata umekwenda mbali zaidi ya kisa kimoja. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, katika tathmini ya 2016, iliweka kiwango kinachokubalika cha kila siku cha miligramu 6 za biksini kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na miligramu 0.3 tu za norbiksini, ile inayopatikana biksini inapochemshwa na magadi na kuanza kuyeyuka katika maji. Kwa mtu wa kilo 60 hizo ni miligramu 360 kwa 18. Pengo hilo la mara ishirini ndilo hasa la kuangaliwa, maana jibini hutiwa norbiksini, na mla jibini hana njia ya kujua kwa kutazama rangi ya chungwa tu.

Wala hasaidiwi kila mahali na kibandiko. Ulaya hudai jina la rangi au namba yake, E 160b(i) kwa biksini au E 160b(ii) kwa norbiksini, iandikwe. Nchini Marekani, sheria humruhusu mtengenezaji wa nafaka kuandika tu kwamba rangi imeongezwa bila kuitaja, na kwa siagi na jibini haimlazimu mtengenezaji kusema hata hilo. Mtu kama yule wa 1991, akiwa tayari ameambiwa na daktari aepuke zingefuri, anaweza kusimama mbele ya rafu ya jibini akasoma kila neno lililoandikwa na asilikute jina la zingefuri.