Kugawa mali kabla ya kufa: tajiri wa miwa wa Pangani na watu waliohesabiwa pamoja na minazi

Wapo wanaosifu desturi ya matajiri wa zamani wa Pangani ya kugawa mali wangali hai: kila mtoto alijua chake na ugomvi ukapungua. Wengine husema ilikuwa njia ya kuikwepa faraidhi, yaani mafungu ya urithi yaliyowekwa na sheria ya Kiislamu, watoto wa kiume wakabeba kinu cha kukamulia miwa na watumwa, mabinti na wajane wakaachiwa minazi michache. Hoja zote mbili zina uzito, lakini zote zinawahesabu warithi peke yao. Ukiwatia watumwa kwenye hesabu, mizani inalala upande mwingine, na kinachoilaza mara nyingi ni deni.

Tuanze na mgawo wa baada ya kifo. Chukua mfano: bwana amekufa, ameacha mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu, wazazi wake walishatangulia. Mke ana thumni, yaani sehemu moja kati ya nane. Thumni saba zinazobaki ni za watoto, mwanamume kwa mafungu mawili ya mwanamke. Hayo ni mafungu saba, kila fungu thumni moja kamili. Minazi 400 inatoka hivi: mke 50, kila binti 50, kila mwana 100. Watumwa 24 wanatoka watatu kwa mke, watatu kwa kila binti, sita kwa kila mwana. Mmoja wa wana hao akiwa ni mtoto wa suria, yaani mtumwa wa kike anayelalwa na bwana wake, hesabu haibadiliki hata kidogo, maadamu baba alikiri kuwa ni wake. Maadamu alikiri: ndugu wa baba mmoja waliweza kumkana mwenzao siku ya tatu ya matanga, na asiye na mashahidi alibaki mtumwa wa ndugu zake.

Minazi na watu waligawanyika kwenye karatasi. Kinu hakikugawanyika. Muwa ukishakatwa haungoji: maji yake huanza kuchacha, na yaliyochacha hayagandi kuwa sukari guru. Kwa hiyo siku za kukamua walihitajika pamoja wakataji, wachukuzi, waswaga wanyama wa kinu, wachochezi wa moto na mtu wa kuangalia masufuria. Mrithi mwenye watumwa watatu hakamui chochote. Warithi walikuwa na njia tatu: kutumia kinu kwa zamu, mmoja kununua mafungu ya wenzake, au kuiacha mali bila kugawa. Zamu ilikuwa nzuri midomoni tu, kwa kuwa miwa ya bonde moja hukomaa wakati mmoja na kila mtu huitaka zamu ile ile. Kununua kulihitaji fedha taslimu, na fedha taslimu ndiyo iliyokuwa adimu.

Hapo wanaoitetea hiba, yaani kumpa mtu mali mwenyewe ungali hai, wana haki. Baba aliye hai anaweza kumpa mwana mmoja kinu pamoja na kundi zima la watu wa kukiendesha, akawafidia wengine kwa minazi, nyumba au ng'ombe. Faraidhi haina mlango huo mpaka warithi wote waridhiane.

Lakini hiba ina masharti, na mengi ya mashauri yaliyofika kwa makadhi ni ya aina hii. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wenyeji wengi wa pwani (Waarabu wa Oman wengi wao ni Maibadhi, wana hitilafu zao), lazima pawe na kutoa, kukubali na kukabidhi. Kukabidhi ndiko kulikowaangusha wengi. Baba anaandika hati, mashahidi wawili wanatia majina yao, kisha anaendelea kuishi kwenye nyumba ile ile, kuuza sukari kwa jina lake na kuwaamuru watumwa wale wale. Akifa, hati hiyo ni karatasi tu. Mali inarudi kwenye urithi. Mtoto mdogo peke yake ndiye aliyesamehewa, kwa kuwa baba humpokelea kama walii wake, yaani msimamizi wake. Na hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia: haipiti thuluthi, yaani sehemu moja kati ya tatu ya mali, na kwa mrithi haipiti kabisa mpaka wenzake waridhie. Matajiri wengi walikumbuka kugawa wakiwa wamekwisha lala kitandani.

Kuhusu kupendelea, kuna hadithi mashuhuri ya Nuuman bin Bashir. Baba yake alimpa zawadi, akaenda kumshuhudisha Mtume, naye akamuuliza kama watoto wake wote amewapa mfano wake. Alipojibu hapana, aliambiwa airudishe. Zawadi yenyewe ilikuwa mtumwa. Mashafii wanasema kupendelea bila sababu ni makuruhu, yaani kunachukiza bila kuwa haramu, hiba yenyewe inasimama. Mahanbali, watu wa madhehebu mengine, wamekaza zaidi. Pangani upana huo wa Kishafii ulitumika vilivyo, na walioumia ni mabinti.

Sasa watumwa. Sheria iliwapa ngazi, na mgawo ulimgusa kila mmoja kwa ngazi yake. Suria aliyezaa na bwana wake hauziki wala hapewi mtu, na bwana akifa anakuwa huru papo hapo, hata kabla madeni hayajalipwa. Huyo hiba haimpati. Suria asiyezaa alikuwa mashakani: aliweza kupewa mwana, ingawa ni haramu kwa mwana kumlala aliyelalwa na baba yake, na ukaguzi wa jambo hilo ulitegemea ulimi wa baba. Mama na mtoto mdogo haifai kuwatenganisha kwa kuuza wala kwa hiba mpaka mtoto afikie umri wa kupambanua, yapata miaka saba. Baada ya hapo mlango uko wazi. Mtoto wa miaka minane angeweza kupelekwa kwa binti aliyeolewa Bagamoyo, mama akabaki kinuni, na hakuna kadhi wa kulizuia.

Walioahidiwa uhuru baada ya kifo cha bwana, yaani kwa tadbiri, ndio waliopoteza zaidi. Uhuru wao hutoka kwenye thuluthi, na thuluthi hupimwa baada ya deni. Mashamba ya miwa yaliendeshwa kwa mikopo, aghalabu ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Pangani na Unguja. Weka hesabu ya mfano kwa reale, sarafu ya fedha ya zamani: mali yote reale 2,400, deni 900, zinabaki 1,500, thuluthi ni 500. Bwana amewaahidi watu kumi, kila mmoja thamani yake reale 80. Thuluthi inabeba sita, zinabaki reale 20, na wa saba anakuwa huru robo. Nani awe wa kwanza na nani wa saba? Hupigwa kura, kwa kufuata hadithi ya mtu aliyewaacha huru watumwa wake sita akiwa anakufa, hana mali nyingine. Mtume akapiga kura, wawili wakawa huru, wanne wakabaki utumwani.

Kisha ongeza hiba juu yake. Bwana aliyewapa wanawe kinu na mashamba ya reale 1,800 akiwa hai ameacha urithi wa reale 600. Deni la 900 linaumeza wote, thuluthi ni sifuri, na wale kumi hawapati kitu. Kwa Mashafii aliyepewa ahadi hiyo anaweza hata kupewa mtu mwingine kama hiba, na ahadi ikafa hapo. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kugawa mapema kulimtuliza kila mtu. Kuliwatuliza wenye kinu.

Upande wa pili nao una neno, na ni zito. Deni likiwa kubwa kuliko mali, kungoja kifo kulimaanisha wadai kuuza, na mnunuzi hakuuliza nani ni mama wa nani. Mtumwa aliyekabidhiwa binti wa nyumba mapema, kabla hajawekwa rahani, alikuwa nje ya mkono wa mdai. Lakini hata hapo hakuwa ametulia: baba ana haki ya kurejesha hiba aliyompa mwanawe maadamu bado iko mkononi mwa mtoto huyo. Kilichomlinda mtumwa kweli ni kuandikiwa huru papo hapo, bwana akiwa mzima na hajazuiwa mali yake na kadhi kwa sababu ya deni. Uhuru huo hauulizi thuluthi wala mrithi. Uligharimu nguvu kazi siku hiyo hiyo, na kwa sababu hiyo bwana alipendelea ahadi ya baadaye.

Watumwa wenyewe hawakukaa kungoja kura. Katika miaka ya 1870 watoro wa mashamba ya miwa walijijengea makao Kikogwe, kusini mwa mto Pangani. Kikogwe hiyo hiyo ambako Wajerumani baadaye walipanda mkonge.

Sheria za Wajerumani zilibana kidogo kidogo. Amri ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa malipo. Amri ya 1904 ikatamka kwamba watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 ni huru, kwa hiyo fungu la watu kwenye urithi likaanza kuzeeka bila kuongezeka. Waingereza walifuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Hati ya mgawo inayotaja watumwa baada ya hapo haina nguvu kwa watu hao, ila kwa minazi na ardhi inaweza kuwa sahihi kabisa, na ndiyo maana familia bado zinaitunza.

Waliokombolewa hawakuingia kwenye hati hizo. Walilima mihogo na mtama kwa idhini ya mwenye shamba, na kwa kawaida walikatazwa kupanda minazi, kwa kuwa pwani mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine, na mwenye mti ana dai la kuwaachia wanawe.