Nimekaa na Wabaptisti Ohio bila kuwa Mbaptisti, na Masasi tungeweza pia

Mimi ni mtoto wa Masasi, Mwanglikana wa Mtandi, nimebatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, nikafundishwa kuungama kwa padre. Sasa hivi niko Columbus, Ohio, nahudumia wazee shifti ya usiku, na kwa karibu miaka minne nilikuwa nikitoka kazini asubuhi nanunua chupa ya mvinyo, nafunga pazia, naimaliza yote ndo nalala. Nayasema haya kwa sababu kila nikipiga simu nyumbani nasikia mtu mwingine ametengwa kanisani au amehamishwa dhehebu kisa pombe, na nimechoka kunyamaza.

Kilichonisaidia mimi ni programu ya kuacha ulevi inaitwa Celebrate Recovery, naihudhuria hapa kwenye kanisa la Wabaptisti, ilianzia kanisa la Saddleback kule California mwaka 1991, ni ya Kikristo waziwazi. Wale wa AA, vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha pombe, ambao walianzia hapahapa Ohio, mji wa Akron, 1935, wanasema Mungu kwa namna kila mtu anavyomwelewa. Hawa wanamtaja Yesu kwa jina na kanuni zao nane wamezitoa kwenye zile Heri za Matayo 5. Mnakula, mnaimba, mnasikia ushuhuda, halafu wanawake wanaingia chumba chao na wanaume chao, kila mtu anapewa dakika tatu mpaka tano, hakuna kumjibu mwenzio, hakuna kumrekebisha, na kinachosemwa hakitoki nje.

Sasa mtu atafikiri kwa kuwa wote tunamtaja Yesu basi tunaamini kitu kimoja. Wapi! Mimi naona hapo ndipo ubishi unapoanzia, maana kila mtu ana uhakika anamjua. Kwenye viti tisa vya chumba chetu kuna anayeamini ukishaokoka umeokoka hupotei tena, kuna anayeamini Mungu alichagua watu wake kabla ya dunia kuumbwa, mmoja anasema ulevi ni pepo, mwingine anasema ni ugonjwa kama kisukari, na mimi na ubatizo wangu wa utotoni.

Mwezi wa nne nikarudia kunywa. Msimamizi wangu kwenye kundi, yule wa kunifuatilia nisinywe, akaniita pembeni, akaniambia labda sikuwahi kuokoka kweli, nibatizwe upya maji mengi ndo pombe itaniachia. Jamani iliniuma. Ubatizo ule bibi yangu alitembea kutoka kijijini kuja kuushuhudia, leo niuite si kitu ili nipate kuacha chupa? Nikakataa, nikaacha kwenda wiki tatu, nikanywa wiki zote tatu. Aliyenirudisha ni yule wa kuchaguliwa kabla ya dunia, ambaye hatukubaliani karibu kila kitu, alikuwa ananisubiri asubuhi kwenye paking ya kazini, gari linawaka, kisa asitake nipite peke yangu kwenye lile duka, na hakunigusia ubatizo hata siku moja. Nilirudi nikabadilishiwa msimamizi, mpaka leo nipo na imani yangu ni ileile.

Nyumbani je. Mnajua msimu wa korosho ulivyo, mabibo yamelala chini ya miti yananukia, watu wanakamua, maji yake yakikaa yanakuwa uraka, na wakiyapika ndo inatoka nipa. Mama zetu wametusomesha kwa hela hiyo, siwezi kuwatukana. Ila kaka yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, ilimzidi. Kanisani kwetu akazuiwa Meza ya Bwana. Akaenda kwa walokole, wakamwombea kwa kelele usiku kucha, wakamwambia atupe rozari yake, akatupa, msimu ukafika akanywa tena, wakasema hana imani. Sasa hivi hana pa kukaa Jumapili, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumpa dakika tano aongee bila kujibiwa.

Na kinachonishangaza ni kwamba kuishi na wa imani tofauti sisi hatufundishwi na Mmarekani. Familia zetu kuanzia Lindi mpaka Newala zina Waislamu na Wakristo kwenye sufuria moja la pilau. Mjomba wangu ni Mwislamu, na ndiye aliyesimama kama mjomba siku ya kipaimara changu, alikaa benchi la mbele na kofia yake. Kanisa letu lenyewe, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, hakulifuta jando la wazee, alilichukua akaliingiza kwenye ukristo, na wengi walimpinga. Kanisa lililoweza kukaa na jando linashindwaje kukaa na mlevi ambaye hajaamua bado kama shida yake ni dhambi au ugonjwa? Chumba cha katekisimu kipo, viti vipo, Alhamisi jioni hakina mtu, na sioni kwa nini Mkatoliki wa Ndanda na mlokole wa mjini wasikae humo pamoja na kila mmoja akarudi kwake na imani yake.

Mwaka juzi nilikuja likizo. Kabla ya misa nikamfuata padre sakristia, nikamwambia siwezi kugusa kikombe, na kwa nini. Nilikuwa natetemeka. Akasema pokea mkate tu mwanangu, Kristo mzima yumo humo. Hakuuliza zaidi. Nikapiga magoti, nikapokea, kikombe kilipokaribia nikaweka mkono kifuani kikanipita, harufu ya divai ikanijia puani kabisa. Mama mdogo alikuwa pembeni yangu, akanishika kiwiko, hakuniachia mpaka kikombe kikafika mwisho wa mstari.