Denver ya 1994 haikuwa bahati ya mtende

Kila ikifika mwezi wa nne na wa tano, NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ikiingia kwenye mchujo, kile kipande cha video kinaanza kuzunguka tena kwenye magrupu. Mnakijua. Jamaa mrefu, jezi namba 55, kalala chali sakafuni, mpira kaushika kwa mikono miwili juu ya uso wake kama mtu kapata kitu alichokitafuta mwaka mzima, mdomo wazi, meno yote nje. Ni Dikembe Mutombo wa Denver Nuggets huyo, mjini Seattle, tarehe 7 Mei 1994, siku walipowatoa Seattle kwenye mchujo. Na kila kikitumwa lazima atokee mtu chini yake aandike "bahati ya mtende kuota jangwani".

Mi hiyo kauli inaniuma kweli. Nimeiacha miaka mingi ipite lakini leo nataka niiseme yote iishe.

Kwa wale ambao hawakuwepo, au walikuwepo ila kikapu hawafuatilii, msimu ulikuwa hivi. Michael Jordan kastaafu ghafla Oktoba 1993, ligi imebaki bila mwenyewe, kila timu inaona mwaka huu ni wetu. Seattle SuperSonics ndio wakali wa msimu, wameshinda 63 wamepoteza 19, hakuna timu nyingine ligi nzima iliyofika hapo. Gary Payton anakukaba mpaka unasahau jina lako, Shawn Kemp anaruka anadanki juu ya vichwa vya watu, Detlef Schrempf, Sam Perkins, Kendall Gill, Ricky Pierce, Nate McMillan, kocha George Karl. Halafu upande wa pili Denver Nuggets, vijana watupu, timu yenye umri mdogo kuliko zote kwenye ligi, wameshinda 42 wamepoteza 40, wameingia mchujo wakiwa namba 8 magharibi, yaani mlango unafungwa wao wanapenya. Namba 1 anacheza na namba 8. Enzi hizo raundi ya kwanza ilikuwa mechi 5, wa kwanza kushinda 3 anapita, na tangu ligi ianze mfumo ule wa timu 8 kila upande haijawahi kutokea namba 8 akamtoa namba 1.

Mechi ya kwanza Seattle wakashinda 106 kwa 82. Ya pili 97 kwa 87. Ukiishia hapo unasema sawa, watoto wamekuja kujifunza warudi nyumbani.

Sasa hapo ndipo watu wa "bahati" wanaporuka. Wanatoka mechi ya pili wanaenda moja kwa moja kwenye picha ya Mutombo kalala chini, utadhani katikati hakukuwa na kitu.

Turudi nyuma kidogo kwanza, maana timu haianzi siku ya mechi. Msimu wa 1990-91 hii Denver ilikuwa na kocha anaitwa Paul Westhead, falsafa yake ni kukimbia na kurusha tu, ulinzi hakuna. Walifungwa wastani wa pointi 130.8 kwa mechi. Msimu mzima! Walishinda 20 wakapoteza 62. Kwa ubovu ule wakapata nafasi ya 4 kwenye drafti ya 1991, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, na wakamchukua Mutombo, kijana wa Kinshasa aliyekuja Marekani mwaka 1987 kwa skolashipu akitaka kusomea udaktari, pale chuo cha Georgetown, kocha John Thompson akamwona yule mtu wa sentimita 218 anapita na vitabu akasema njoo uwanjani. Msimu wake wa kwanza Denver wakashinda 24. Uliofuata, kocha akiwa Dan Issel ambaye mwenyewe alikuwa nyota wa timu hiyohiyo zamani, wakashinda 36. Uliofuata 42. Ishirini, ishirini na nne, thelathini na sita, arobaini na mbili. Hao walikuwa wanapanda ngazi moja moja huku watu wanaangalia kwingine.

Na walichokijenga kilikuwa ulinzi. Timu iliyokuwa inafungwa 130 sasa imejengwa kumzunguka mtu mmoja anayesimama chini ya ringi kama mlinzi wa geti. Msimu ule wa 1993-94 Mutombo alicheza mechi zote 82, wastani wa bloku 4.1 kwa mechi, yaani mitupo ya wapinzani aliyoizuia hewani kwa mkono, namba moja kwenye ligi, mbele hata ya Hakeem Olajuwon wa Lagos ambaye mwaka huohuo alikuwa MVP, mchezaji bora wa ligi, na akabeba ubingwa na Houston. Hebu fikiria hilo, mwaka 1994 walinzi wawili wakali kuliko wote chini ya ringi Marekani mmoja katoka Nigeria na mwingine katoka Zaire, kama ilivyoitwa wakati ule. Mimi nikiwa dogo hilo lilinitosha kabisa kuupenda huu mchezo.

Mi nilicheza senta, kikapu cha mtaani tu, kwa hiyo nikiangalia zile mechi naangalia miguu yake kwanza. Watu wanadhani kubloku ni kuruka. Hapana. Mrefu akiruka wa kwanza kaliwa, mshambuliaji anamdanganya na bega kidogo anapaa hewani peke yake, mwenzie anafunga chini yake. Mutombo alikuwa anasubiri. Kemp anakuja na spidi, Mutombo anarudi hatua moja, magoti kayakunja kidogo, mikono iko juu tayari, haangalii macho ya mtu anaangalia mpira tu, na Kemp akishanyanyuka ndipo na yeye anapanda, na ule mkono unakutana na mpira pale juu kabisa ukitoka vidoleni. Sauti yake hata kwenye video mbovu unaisikia, pa! Halafu kidole. Kidole cha shahada kulia kushoto, kulia kushoto. Wamarekani walikiona ni maringo mpaka baadaye refa wakaanza kukiadhibu, lakini sisi kile kidole tumekua nacho, ndicho cha mama akikukuta umefunua sufuria kabla chakula hakijaiva. Hakuna matusi pale. Hapana, rudi ulikotoka.

Mechi ya tatu, Denver, 110 kwa 93. Ya nne 94 kwa 85, dakika za nyongeza. Mbili kwa mbili. Kuna wanaosema eti ni ule mwinuko wa Denver, mji uko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari, wageni wanakosa pumzi. Sawa, inasumbua kweli, ingawa mtu wa Nairobi anaishi juu zaidi ya hapo na anaenda kazini kila siku. Lakini mechi ya tano ilichezwa wapi? Seattle. Mji wa pwani. Pumzi iko tele, mashabiki ni wa kwao, na Denver wakashinda hukohuko, tena dakika za nyongeza kwa mara ya pili mfululizo, 98 kwa 94.

Na kwenye hiyo mechi ya tano nataka nimtaje mtu ambaye picha ya Mutombo imemfunika kabisa. Brian Williams. Alitoka benchi akachukua ribaundi 19, yaani mipira iliyokosa kuingia akaidaka yeye, na pointi 17. Ribaundi kumi na tisa za mtu wa benchi, ugenini, mechi ya kufa na kupona! Jamaa huyu baadaye alibadili jina akaitwa Bison Dele, akaacha mpira mwenyewe akiwa bado ana nguvu, na mwaka 2002 akapotea baharini huko karibu na Tahiti. Nikikumbuka ile mechi namkumbuka yeye kwanza. Na Robert Pack, kijana mfupi ambaye hakuna timu iliyomchagua kwenye drafti, naye katoka benchi akafunga 23. Bahati haiwezi kumfanya mtu agombanie ribaundi 19.

Mutombo mwenyewe kwenye zile mechi 5 alibloku mara 31, rekodi ya raundi ya mechi 5. Wastani wa sita na ushee kila mechi. Mwaka 2003 ligi ikabadili raundi ya kwanza ikawa mechi 7, kwa hiyo ile rekodi ya mechi 5 imefungiwa kabatini, hakuna wa kuivunja tena. Na bloku 31 ni zile zilizohesabiwa tu. Nani amehesabu mara ambazo Payton alifika mlangoni akamwona amesimama pale akageuza akatoa pasi nje? Mara ambazo Kemp alirusha haraka kabla ya wakati wake? Ndio maana mi nakataa hata ile hadithi nyingine ya kwamba Seattle walitetemeka. Mtu ukimzibia njia mara 31 lazima mkono wake uwe mzito mara ya 32.

Haya, bado hujashawishika. Raundi iliyofuata wakakutana na Utah Jazz, Karl Malone na John Stockton, kocha Jerry Sloan, na hii sasa ni mechi 7, haina njia ya mkato. Wakapigwa tatu mfululizo. Tatu kwa sifuri. Wangekuwa ni watu wa kubahatisha wangefunga mabegi. Wakashinda ya nne kwa pointi moja, 83 kwa 82. Ya tano wakaenda Salt Lake City wakashinda kwenye nyongeza mbili. Ya sita wakashinda. Ya saba ndio wakaishia, 91 kwa 81. Kwenye historia yote ya NBA timu zilizotoka 0-3 zikafikisha mechi ya 7 ni nne tu, Knicks wa 1951, hawa Denver wa 1994, Portland 2003 na Boston 2023, na hakuna hata moja iliyoimalizia. Kwa hiyo ndani ya mwezi mmoja hawa vijana walikuwa wamezama 0-2 wakatoka, wamezama 0-3 wakakaribia kutoka. Hao unawaambia nini kuhusu bahati bana.

Kinachonisikitisha mimi ni kilichofuata. Ile timu ilitakiwa iachwe ikae pamoja miaka mitano. LaPhonso Ellis, ambaye naamini angekuwa nyota mkubwa sana, goti likaumia, msimu uliofuata akacheza mechi 6 tu. Issel akajiuzulu Januari 1995 katikati ya msimu. Pack akauzwa. Mahmoud Abdul-Rauf, mfungaji bora wao, ambaye msimu ule wa maajabu alirusha mitupo huru 229 akaingiza 219, yaani msimu mzima alikosa kumi tu, mwaka 1996 akaingia kwenye mgogoro wa kutosimama wimbo wa taifa ukipigwa kwa sababu ya imani yake na majira ya joto yaleyale akapelekwa Sacramento. Na majira hayohayo Mutombo mkataba umeisha, akaondoka kwenda Atlanta bure, Denver hawakupata hata mchezaji mmoja badala yake. Msimu wa 1997-98 Denver walishinda mechi 11 wakapoteza 71. Kutoka ile sakafu ya Seattle mpaka hapo ni miaka minne tu. Nyumba mnajenga kwa jasho halafu mnang'oa milango wenyewe.

Wenyewe Denver walisubiri mpaka 2023 kuchukua ubingwa wao wa kwanza, na waliyemfunga fainali ni Miami, timu iliyoingia mchujo ikiwa namba 8. Nilikaa macho mpaka alfajiri siku ile. Na Seattle hawana tena timu, ilihamishwa Oklahoma City mwaka 2008, inauma ukizingatia kelele za ule uwanja wao.

Pale tunapocheza jioni watoto wa miaka kumi wakibloku tu mtu wananyanyua kidole, wengi hawajui hata kilianzia wapi. Hasheem Thabeet wetu alipochaguliwa namba 2 kwenye drafti na Memphis mwaka 2009 nilisema labda sasa watajua, maana kila aliyemwandika alimfananisha na Mutombo. Haikuwa hivyo. Ila kidole kimebaki.

Mutombo alifariki tarehe 30 Septemba 2024, saratani ya ubongo, miaka 58. Siku ile grupu letu lilijaa ile video, na watu wakaongea sana kuhusu hospitali aliyojenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie, na ni haki yake kabisa isemwe. Mpwa wangu alikuwa amekaa pembeni yangu, akaniuliza, "Anko, mbona kaanguka na anacheka?" Nikaanza kumweleza nikaona maneno hayatoshi. Nikamwambia leta laptopu. Tukaanzia mechi ya tatu, robo ya kwanza, na nikamwambia asiangalie mpira, amwangalie namba 55 miguuni.