Programu ya marejeo: tuandike yetu au tuongeze kwenye iliyopo?

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, steshenari zilizo jirani na vyuo vya Mbeya na Iringa hupata kazi ya ziada. Msimamizi amerudisha kazi kwa sababu orodha ya marejeo imechanganya mitindo ya APA na Harvard, mwanafunzi anakuja na flashi, na kijana wa kwenye kompyuta anaanza kuhamisha nukta na mabano kwa mkono. Kwa hiyo wanafunzi wa kompyuta wanaposema waandike programu huria ya kupanga marejeo, ya hukuhuku Nyanda za Juu Kusini, wazo lao silibezi.

Wanaolipinga wana jibu fupi: kazi hiyo imeshafanyika. Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo, ipo tangu 2006, ni ya bure, na inafuata CSL, lugha ya kuelezea mitindo ya marejeo kwa faili la XML, yaani maandishi yenye lebo ambayo kompyuta huyasoma. Mitindo iliyokwisha kuandikwa imepita 10,000. Chuo kikitaka mtindo wake, kinatosheka na faili moja lililorekebishwa kutoka kwenye yaliyopo.

Anayedhani injini yenyewe, sehemu ya programu inayounda nukuu na orodha, ni ya wikiendi moja aanze na Nyerere. Mwanafunzi amenukuu kitabu chake cha Ujamaa: Essays on Socialism, na sura ya kwanza inasomeka (Nyerere, 1968). Akifika sura ya tatu ananukuu Freedom and Socialism, nacho cha 1968. Sasa orodha inapangwa kwa alfabeti ya vichwa vya vitabu: Freedom kinakuwa 1968a, Ujamaa 1968b, na nukuu iliyokaa kimya sura ya kwanza lazima ibadilike. Programu haiwezi kupanga nukuu moja bila kuzijua zote. Na hapo hatujagusa waandishi wawili wenye jina moja la ukoo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema tuwaachie wataalamu. Aliyeanzisha CSL, Bruce D'Arcus, ni mwanajiografia wa Marekani. Frank Bennett, aliyeandika citeproc-js, injini iliyotumiwa na Zotero, alikuwa akifundisha sheria Nagoya, Japani. Wote wawili walisukumwa na shida za maandishi yao wenyewe. Lakini walikaa na kazi hiyo miaka, jambo ambalo mradi wa mwaka wa mwisho hauwezi.

Hoja ya majina ndiyo hutajwa sana na wanaotaka programu ya kwetu. Andika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kwenye nafasi ya jina la mtu, na programu italichukua neno la mwisho kuwa la ukoo; utashangaa kuona ukoo wa Kiswahili umezaliwa. Ni kweli inaudhi. Ila Zotero ina kitufe cha kuligeuza jina liwe la sehemu moja, na BibTeX, programu nyingine ya marejeo, ya tangu 1985, hulilinda kwa mabano ya ziada. Dawa ipo, mwanafunzi hajaonyeshwa tu.

Kwa maoni yangu, pengo liko kwenye taarifa zinazoingia. Makala ya jarida la nje huja na DOI, namba ya kuitambulisha mtandaoni, unaibandika na kila kitu kinajijaza. Kitabu cha Kiswahili kilichonunuliwa Mwanjelwa, sokoni Mbeya, mara nyingi hakina, wala si ajabu ukurasa wa mbele umechanika. Hapo mwanafunzi anaandika mwenyewe, na akikosea mwaka, injini bora duniani itaupanga mwaka huo mbovu vizuri kabisa. Fomu ndogo ya Kiswahili inayouliza kama mwandishi ni mtu au taasisi, ikafanya kazi bila bando, na kutoa faili ambalo Zotero inalisoma, ingefaa zaidi ya injini mpya.

Fomu hiyo, pamoja na mtindo wa CSL wa chuo kimoja, vinaweza kukamilika kabla ya kuhitimu. Injini mpya itamkuta mwandishi wake ameshaajiriwa Dodoma, hana muda wa kumjibu anayeuliza kwa nini 1968b haitokei.